Dawa ya Ngozi na Mikono Yako

Saidi, mtani wangu,

Nimempiga yule mnyapara wetu wa ghala la ngozi. Nimempiga mazishini kwako, na sijutii hata kidogo.

Alikuja kijijini kwenu Rutamba na sanda mkononi, akawaambia watu eti umekufa kwa ukoma. Waoshaji wakaweka ndoo chini, wakatoka. Nikakuosha mimi na mdogo wako Shabani. Tulipofungua kile kitambaa ulichofungia mkono, kidonda kilikuwa kimefika mfupani.

Kaburini ikafika zamu yangu ya utani. Nikaigiza ulivyokuwa ukichovya ngozi kwenye tangi la dawa, mikono mitupu mpaka viwikoni, huku unaimba. Watu wakacheka. Nikamvuta mnyapara, nikamuuliza mbona yeye hazishiki ngozi zile mpaka zikauke. Wakazidi kucheka, wakidhani namtania. Walijua si utani nilipomtoa meno mawili.

Daktari wa Lindi alikwambia wazi kuwa ni saratani, imetokana na ile dawa ya kuulia wadudu wa ngozi. Lakini ulichelewa kwenda, na kosa hilo ni langu. Sugu zilipoanza kukuota viganjani nilikuita mwenye kwato, ghala zima likacheka. Ukawa unazikwangua kwa wembe kila Ijumaa ili nisipate la kusema. Miaka miwili, Saidi. Huu mdomo wangu, natamani kuupasua kwa jiwe.

Nililala mahabusu siku tatu, na Mwingereza wa ghala amenifukuza kazi. Viganja vyangu navyo vimeanza kuota sugu. Hospitali nimekwenda, usiniulize walichosema.

Balaa ni Shabani. Mnyapara, na pengo lake lile, amempa nafasi yako tangini, aanze Jumatatu. Shabani amekuosha kwa mikono yake, ameona kila kitu, bado ananiambia ana mke wa kulisha. Nilimkaba ukutani mpaka mama yenu akalia. Hasikii.

Basi pumzika, ndugu yangu. Nakuombea kila sala. Jumatatu nitamsubiri huyo mdogo wako mlangoni mwa ghala nikiwa na mchi, na wallahi nitamvunja mkono, ikibidi yote miwili, kisha nimlishe kwa kijiko mpaka apone. Atanichukia. Na anichukie, Saidi, anichukie mpaka azeeke.

Mtani wako,
Bakari