Nyoka Wangu Ananiuma, Mchumba Wangu Anacheka

Mpendwa Bibi Opaline,

Naomba unisaidie kupitia safu yako gazetini, na uniwie radhi kwa kuandika kwa hasira, maana mkono wa kulia umefungwa bendeji na huu wa kushoto haujui upole. Nafundisha kemia sekondari hapa kusini mwa Georgia, na kwa miaka minane nimefuga nyoka mfalme, jike asiye na sumu, jina lake Pearl, niliyepewa na marehemu babu, mkulima wa karanga ambaye alikuwa radhi kusimamisha trekta ili nyoka mfalme apite, kwa kuwa hula nyoka wenye sumu. Pearl hakuwahi kuniuma, alikuwa akinilalia shingoni nikisahihisha mitihani, lakini tangu mwezi uliopita nikifungua tu sanduku lake la kioo ananirukia, na Jumapili tuliporudi nyumbani kutoka kanisani alining'ata kiganja, akajiviringisha mkononi, akaanza kutafuna, kutafuna Bibi, kama mimi ni panya, na mchumba wangu Clayton akabaki amesimama na sahani yake ya kuku, anacheka mpaka machozi: "Unaona, mpenzi? Hata nyoka kakuchoka!" Mama yake naye akadakia, "Mwanangu, nyoka ni nyoka, hata umvalishe kofia ya kanisani."

Nimejichunguza mpaka nimechoka. Mwezi huo huo Clayton aliniletea zawadi ya uchumba kutoka maonyesho ya nyoka, nyoka wa mahindi, mwekundu, mpole, tukamweka kwenye sanduku lake mwenyewe, rafu moja na Pearl, na kila siku namtoa mgeni kwanza, namshikashika, namsafishia, halafu mara moja namgeukia Pearl asije akaona wivu. Labda wivu umeshamwingia. Labda ananusa hasira niliyonayo na ambayo sijamwambia mtu. Clayton anasema Jumamosi atamtia Pearl kwenye foronya akamwachie msituni, nami, hili ndilo linalonichoma, nilinyamaza. Je, nimwache aende?

Marlee

Marlee,

Pole kwa mkono. Sasa nisikilize, maana na mimi nimekasirika.

Mwalimu mzima wa kemia, umeandika mwenyewe kwamba nyoka huyu hula nyoka, kisha mistari michache mbele unamwingizia mkono unaonuka nyoka! Ulitaka afanye nini, akusalimie? Pearl hana wivu, wala hasomi moyo wako. Anasoma harufu kwa ulimi, na kwa mwezi mzima umemwekea chakula rafu moja naye, halafu kila siku unampelekea harufu ya chakula hicho mdomoni. Anayekuchukia huuma akaachia. Anayetafuna ana njaa.

Leo hii mhamishie yule mwekundu chumba kingine, na ufunge kifuniko barabara, maana Pearl akimfikia atammeza. Anza na Pearl, mgeni awe wa mwisho, na kati yao osha mikono kwa sabuni mpaka kwenye viwiko. Kabla ya kumshika, mguse mgongoni kwa fimbo laini ajue si saa ya kula. Akikung'ata tena usimvute, utamvunja meno. Mmwagie maji baridi ataachia. Tazama pia kama macho yameingia ukungu, maana anayekaribia kujivua gamba haoni vizuri na hataki kuguswa. Mpe wiki tatu. Asipotulia, mpeleke kwa daktari wa mifugo anayejua nyoka, huenda ana maumivu.

Msituni haendi. Aliyelishwa panya miaka minane hajui kujitafutia, na kumwacha huko ni kumuua polepole. Jumamosi funga mlango kwa ufunguo, na neno "hapana" ulitamke wewe, kwa sauti, si mimi gazetini.

Na hiyo hasira ambayo hujamwambia mtu, mwambie Clayton. Nyoka alikuuma kwa kukosea harufu. Aliyekuona unavuja damu akacheka hakukosea kitu. Kadi za harusi zisichapwe kwanza.

Bibi Opaline