Breki za Lori la Bofa

Kaka yangu Shee,

Karisa, fundi wako wa kuchomelea, alipita kwangu jana. Akaniuliza kama bado nakuota. Nikamwambia sikuoti, ila nakusikia ukigonga chuma. Alipoondoka nikatafuta karatasi.

Watu hawajui kwamba kulirudisha lori la vita katika hali yake ya zamani ni kazi ya kupigana. Lile la kwetu Waingereza walilitupa kwenye shamba la mkonge nyuma ya Kilifi, na kutu ikazila boliti mpaka zikawa kitu kimoja na bodi. Uliziunguza kwa moto wa gesi, ukazitwanga kwa nyundo, ukazitukana kwa Kiingereza cha jeshini, na zilizokataa ukazikata vichwa. Nyundo ilipokuponda kidole ulikifunga kitambaa ukaendelea kupiga. Mwenye hoteli, Mzungu mmoja pale Bofa, alitaka lori lisimame langoni mwake kama lilivyokuwa vitani, kila kitu mahali pake. Mimi nilikuwa nimestaafu ualimu, basi kazi yangu ikawa kukusomea vipimo katika kitabu cha jeshi.

Acha nieleze jambo moja, kwa maana huenda wajukuu zako wakaisoma barua hii. Misafara ya usiku kule Burma, ulikoendesha lori la jeshi la Waingereza, ilikwenda bila taa za mbele, adui asiione. Dereva aliongozwa na kitu kimoja tu. Difu, lile donge la chuma katikati ya ekseli ya nyuma, ilipakwa rangi nyeupe, na juu yake kikafichwa kijitaa. Ulikifuata kile cheupe cha lori lililokutangulia, basi. Amri ilikuwa hakuna kusimama, kwa sababu ukisimama aliye nyuma anakuvaa, na wa nyuma yake anamvaa yeye.

Ndivyo alivyokufa rafiki yako Omari wa Mambrui. Alidondoka kutoka lori la mbele, akaanguka njiani, akainua mkono. Ulimwona. Ulimpita juu. Uliniambia ulisikia gurudumu la mbele, kisha ukalisubiri la nyuma, maana ulijua linakuja. Tangu urudi kutoka vitani ulikuwa ukipiga kelele usingizini, na shemeji akajifunza kukukalia miguu usije ukamuumiza.

Kazi ya Bofa uliichukua kwa sababu moja, nami niliijua. Ulitaka kuliendesha lori kama lile mara moja tu, ukanyage breki, lisimame. Ndiyo maana breki ulizifungua na kuzifunga mpaka Karisa akachoka.

"Bwana Shee, gari hili litasimama hata kabla halijaondoka."

"Funga mdomo wako, kisha ufunge na hiyo nati."

Siku ya kulikabidhi lilikuwa limekamilika: rangi ya kijani iliyokolea, nambari za jeshi kwa rangi nyeupe, tundu la mlinzi juu ya paa. Difu uliipaka mwenyewe, hukutaka mtu aiguse. Uliliwasha ili wageni wa hoteli walipige picha. Hapo Karisa akafanya jambo ambalo fundi yeyote wa kwetu hufanya gari linapotoka gereji. Alileta mbuzi wa kafara, ili gari lisije likamwaga damu ya mtu. Habari za Omari hakuzijua. Tulizijua mimi na shemeji tu. Akamchinja mbele ya lori, akachovya kiganja katika damu, akaipaka tairi.

Ulikuwa bado umeshika hendeli ya chuma ya kuwashia injini. Pigo la kwanza lilimpata Karisa mkononi, na mfupa nikausikia. La pili likavunja taa, la tatu kioo. Nilikukamata kwa nyuma ukanipiga kiwiko cha mdomo, nikatema meno mawili. Wageni wakakimbia, Mzungu akapaza sauti polisi waitwe. Nawe ukarukia ndani ukatia gia. Karisa alikuwa chali mbele ya lori, akauinua mkono uliobaki mzima.

Nilifumba macho, Kaka. Nikasikia kokoto zikisagika, kisha kimya. Injini ilikuwa imezima.

Nilipofumbua, gurudumu lilikuwa limekanyaga upindo wa shati lake. Wewe ulikuwa umepiga magoti kwenye damu ya mbuzi, unampapasa mbavu.

"U mzima?"

"Mkono umeshauvunja, Bwana Shee. Na shati hili ni la sikukuu. Rudisha gari nyuma."

"U mzima?"

"Mzima. Kwani hizo breki hukuzikaza wewe?"

Sisemi ulifanya vyema. Mkono wa Karisa haukunyooka tena, nami hadi leo natafuna upande mmoja. Karisa aliwaambia polisi kwamba alianguka kutoka juu ya lori, akashikilia neno hilo. Lakini mimi nilikukasirikia hata baada ya kukuzika, na kuna siku bado nakukasirikia. Kumpenda mtu anayekupiga ni kazi ngumu, na sikuwahi kukwambia hivyo ulipokuwa hai. Nakwambia sasa.

Ila nataka ujue jambo ambalo hukuliona, maana ulikuwa umefumba macho. Asubuhi yake nilikuja na birika la chai kituoni, walikokulaza usiku ule kwa mashtaka ya Mzungu. Askari akanitazama mdomo uliovimba, akaniuliza, "Huyu mzee ni mtu wa namna gani? Jana kavunja watu, usiku kalala kama mtoto. Hajagutuka hata mara moja. Tumemwita kwa sala ya alfajiri, wapi."

Alitaka kukutikisa. Nikamwomba akuache. Nikaketi sakafuni nje ya mlango wa seli, nikakusikiliza ukipumua, mpaka chai ikapoa.

Pumzika vivyo hivyo, Kaka.

Nduguyo mdogo