Makabati Hayang'olewi

Jumatatu, 4 Machi

Mwanangu wa kwanza amepiga simu. Furaha tele! Eti Jumamosi linakuja lori na makabati mapya ya jikoni, meupe, yanang'aa, pamoja na mafundi wa kuyang'oa ya zamani. Zawadi! Eti nipumzike sasa na hayo magofu.

Magofu! Baba yake aliyaunda kwa mikono yake, mimi nikimshikilia mbao, na huyo huyo mwenye lori akiwa mgongoni kwangu ananilowesha.

Nikasema sitaki. Akacheka. Mkewe akapokea simu – mkamwana mpole, hana baya – akaniambia, mama, kipya kinyemi. Kamalizie methali, mwanangu: kingawa kidonda. Mimi kidonda sikitaki.

Nikamwuliza Mzee. Tangu kiharusi kimlaze mkono wa kulia na kumpinda ulimi, kazi yake ni kutazama dirishani. Akasema waache wayang'oe. Akanigeuzia kisogo.

Haya. Baba na mwana wameamua. Na mimi je? Mimi ni mwiko?

Jumanne, 5 Machi

Nimeanza. Nisipoanza nitashawishika.

Nimetoa sahani, sufuria, vikombe visivyo na vishikio ambavyo sijui navitunzia nini. Vyote viko sebuleni, pa kukanyaga hapana. Kwenye kabati la juu ya jiko mafuta yameganda kama utomvu. Maji ya moto, sabuni, magadi kidogo. Kitambaa cha kwanza kikatoka cheusi. Cha pili cheusi. Baadaye kahawia – na chini yake, mbao! Mbao ya kweli, si pumba zilizogandishwa kwa gundi. Nikapiga kigelegele peke yangu kama mwendawazimu.

Mzee akapita na mkongojo. Akasimama mlangoni. Unaosha maiti? akauliza.

Nikamjibu maiti haoshwi kwa magadi.

Hakucheka. Mzee wangu wa zamani angecheka mpaka akae chini.

Jumatano, 6 Machi

Msasa. Vumbi mpaka kwenye nyusi. Mabega si yangu tena.

Sijuti.

Alhamisi, 7 Machi

Dukani. Muuza rangi akaniuliza fundi wangu ni nani, amweleze namna ya kuichanganya. Nikamwambia fundi unamwona, eleza. Akaeleza. Nimechagua kijani cha jani changa. Nyeupe wabaki nayo wao.

Nilipofungua kopo Mzee akaja juu. Sijamwona na hasira hivyo tangu augue. Maneno yakamkwama, mate yakamtoka, akapiga ukuta kwa mkongojo. Nikasubiri. Mwisho yakatoka, moja moja: kila akiyaona makabati anaona mkono wake uliokuwa ukifanya kazi. Ndiyo maana anataka yaondoke.

Nimekaa juu ya ndoo. Kumbe siku zote hizo hatazami nje – anakwepa kutazama jikoni.

Nikamwambia: basi waning'oe na mimi. Mimi pia nakukumbusha.

Akarudi dirishani. Nami nikachovya brashi.

Ijumaa, 8 Machi

Milango imekauka. Nimefunga mmoja mwenyewe. Bawaba ya juu huku, ya chini kule. Unaning'inia hivi, kama mlevi aliyeegemea nguzo.

Nyuma yangu nikasikia: we mama, umefunga mlango au umenyonga mtu?

Amecheka! Kicheko kimetoka upande mmoja wa mdomo, lakini ni kile kile.

Akavuta kiti. Akaomba bisibisi, kwa mkono wa kushoto. Ikamponyoka, ikabingirika chini ya meza. Sikuiokota. Nilifunga mikono mgongoni nikang'ata ulimi, Mungu anajua. Akainama mwenyewe, akihema, akaitoa. Akatukana skrubu. Akatukana bawaba. Akanitukana na mimi. Ilipofika jioni mlango mmoja umenyooka, na umefunga bila kelele. Akaufungua. Akaufunga. Akaufungua tena.

Jumamosi, 9 Machi

Lori limefika. Naandika hapa hapa jikoni, nimeegemea droo, maana nisiposhika kalamu nitashika mtu.

Honi imepigwa weee, majirani wote madirishani. Fundi wao mkubwa ameingia na nyundo. Nimesimama kati ya nyundo na makabati. Akasema, mama, sisi tumetumwa. Nikamwambia, na mimi nimekataa. Akampigia mwanangu, akaniwekea simu sikioni. Mwanangu karibu alie: mama usiniaibishe, vitu vimeshafika. Nikamjibu virudi kama vilivyokuja. Akasema nimekuwa mkaidi. Nikamwambia leo ndiyo unanijua?

Ndipo Mzee akainuka kwenye kiti. Kumbe alikuwa anasikiliza. Tangu augue hajagusa simu. Ikilia huenda chumbani, kwa aibu ya ule ulimi wake. Sasa amenyoosha mkono wa kushoto, rangi ya kijani ya rafu alizopaka alfajiri mpaka kwenye kiwiko.

Lete, amesema. Fundi ananitazama mimi. Usinitazame mimi, mpe!

Amempa.

Mzee anameza mate. Honi imenyamaza. Namsikia mwanangu kwa mbali, sauti imebadilika: Baba? Baba, ni wewe?

Midomo ya Mzee inahangaika. Simsaidii. Simsaidii!

"Ni mimi," amesema. "Sema upesi. Nina kazi."