Milango Miwili, Chumba Kimoja

Shoga, umewahi kumwona mtu mzima akigombana na mlango alioufungua vibaya mwenyewe?

Mjukuu wangu kaandika programu ya zahanati, ikawekwa kwenye kontena. Si la melini, ni la kompyuta! Lina milango miwili, wenyewe wanaiita poti: 8080 ya wagonjwa, 8081 ya wauguzi.

Kuifungua kapewa mtaalamu wa kazini kwao, Bwana Najua. Siku tatu sasa, wauguzi wakigonga kwao wanatokea kwa wagonjwa.

Leo kwenye simu ya video, mbele ya bosi, anasema: "Binti kaandika ovyo. Aondolewe."

Aondolewe! Mtoto machozi yanamlenga.

Akaomba tu asomewe mistari ya poti aliyoiandika Bwana Najua, ile ya kuunganisha mlango wa nje na wa ndani. Bwana Najua akasoma kwa madaha: "8080 ya nje iende 8080 ya ndani. 8081 ya nje iende... 8080 ya ndani."

Mlango wa wauguzi kaupeleka kwa wagonjwa mwenyewe!

Eti, "Mkono uliteleza." Mkono! Debe hilo, shoga, halina hata tone.

Na huyu wangu, wa "sawa kaka" siku zote tatu, akafuta macho: "Bosi, kuanzia leo milango yangu nafungua mwenyewe."