Mguu wa Zaituni

Alhamisi, 8 Mei

Nimeloweka plasta ngumu ya mguu wa mwanangu Zaituni kwenye beseni tangu asubuhi. Kila siku ya kliniki ndivyo. Analia, namwimbia, plasta inabanduka vipande vipande. Mguu umetoka mwembamba, umepauka. Lakini umenyooka! Alizaliwa unyayo umegeukia ndani.

Daktari kasema wiki ijayo atakata kano nyuma ya kisigino, kidogo tu, basi. Isipokatwa unyayo utarudi ndani, atakuwa kilema.

Nimerudi na furaha, sina wa kumwambia. Chumba hiki cha Msamvu, hapa mjini, nimepanga kwa ajili ya kliniki tu. Kwetu Mgeta ni mbali. Nimemwambia Zaituni mwenyewe. Kapiga chafya.

Alhamisi, 15 Mei

Wamenirudisha. Hawajakata, wala plasta mpya hawajafunga.

Nesi kataka baba asaini kwanza kwamba anakubali mtoto akatwe. Kwenye kadi aliyeandikwa baba ni mjomba wangu. Siku ya kwanza mjomba ndiye aliyenishusha mjini. Karani akauliza nani anasimamia mtoto, mjomba akasogea mbele, "Andika mimi." Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama. Mjomba asiposimama, asimame nani? Kumbe karani kamweka mahali pa baba. Mimi nilikuwa nambembeleza mtoto, wala sikuona ubaya.

Leo nesi kauliza yuko wapi huyu baba. Nikasema, mjomba wangu yuko shamba.

"Mjomba wako? Umezaa na mjomba wako?"

Benchi zima likacheka. Nikaeleza, ulimi ukawa mzito. Akasema alete sahihi baba halisi, "maana sasa hata sijui mtoto mmemtoa wapi."

Baba halisi alikwenda Turiani kukata miwa tumbo likiwa bado dogo. Namba yake haipatikani tangu mwaka jana. Nimeona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Jumamosi, 17 Mei

Nimempigia mjomba. Kakasirika. "Waambie mimi ndiye. Wanabisha, waje huku waulize ukoo." Hawezi kuelewa. Nani atapanda mlima kuuliza ukoo?

Nimeugusa mguu wa Zaituni. Naona kama umeanza kurudi. Labda ni macho yangu. Nimelia, nikaacha, maana naye alianza.

Jumatatu, 19 Mei

Mama muuza uji wa pale stendi kaniona nimevimba macho. Kanielekeza kwa msaidizi wa kisheria, anaitwa Mama Tausi. Anakaa kwenye chumba nyuma ya ofisi ya kata, hatozi kitu. Nilizunguka nje kwanza. Nilidhani sheria ni ya watu waliokosa.

Nikamwamkia shikamoo, nikasimulia yote. Akacheka, lakini si kama benchi. Kumbe naye Mluguru, wa Mlali.

"Wajomba zetu hawa! Wangeweza, wangetunyonyeshea!"

Nami nikacheka. Sikumbuki mara ya mwisho lini.

Kaniambia mama ni mzazi kamili. Baba hayupo, mtoto hazuiwi matibabu, nikikubali mimi inatosha. Ila jina la mjomba litoke pale pa baba, na yeye mwenyewe aseme kuwa siye baba.

Hapo nikasita. Mjomba ndiye aliyeuza mbuzi wake ili tushuke mjini.

Jumanne, 20 Mei

Tumempigia pamoja. Mama Tausi kamsalimu kwa Kiluguru, kamweleza taratibu, kwa heshima.

Mjomba akasema, "Haya. Nitoeni."

Akakata.

Nimeshindwa kula. Nimemtoa mtu mmoja tu niliyekuwa naye.

Alhamisi, 22 Mei

Mama Tausi kanisindikiza. Hakupiga kelele. Aliomba kuonana na mkuu wa kliniki, akaeleza, mkuu akampigia mjomba, akasikia kwa masikio yake kuwa siye baba. Akamwita yule nesi.

Nesi akauliza, "Sasa anasaini nani?"

"Mama yake," mkuu akasema. "Si huyo hapo kambeba?"

Nikasaini. Polepole, jina langu lote. Nesi akanipa kiti. Hakuniomba radhi, lakini kiti kanipa.

Wamekata. Wakati mfupi tu, mimi nje nimeshika kanga yake. Mama Tausi aliondoka, ana watu wengine wanamngoja. Nikangoja peke yangu. Nilipomsikia analia, nikainuka.

Ijumaa, 23 Mei

Mvua ya manyunyu. Zaituni kanyonya vizuri. Nimeambiwa nivichungulie vidole vyake, visiwe vya bluu wala baridi. Nachungulia kila saa. Vina joto.

Jioni nimempigia mjomba. Sikutegemea apokee. Kapokea. Nikasema wameshakata, salama. Nikasikia kuku wake.

"Mtoto kala?"

"Kala, mjomba."

"Haya."

Akakata. Nikakaa na simu mkononi. Nje watu wanapita, wanaongea mambo yao. Zaituni kalala chali, plasta mpya mpaka pajani. Vidole vitano vimechomoza mwishoni, vyote vinatazama juu.