Neno la Kumwambia Karim

Jumatatu, 12 Mei

Kiingereza tena, kipindi cha tatu. Wiki hii Mwalimu Raya anatusomesha vitenzi vya kufa na kuoza. Darasa zima lilicheka. Mimi nimevipenda, ila sitomwambia mtu. Kumbe Waingereza nao wana adabu zao. Embe "rots". Ua "withers". Waliozama baharini "perish". Mtu wa watu "passes away", kama sisi tunavyosema fulani kafariki, paka ndiye kafa.

Mwalimu akataka mfano wa "die". Ninao. Ulimi ukaganda. Asha, nyuma yangu: "Mwulize huyu bubu, Mwalimu, anao huyu!" Wakaangua kicheko. Nikainama. Najichukia nnapoinama.

Jumatano, 14 Mei

Karim kapiga simu. Ni mtoto wa marehemu Mjomba Hamad, kazaliwa Uingereza, na Kiswahili chake kinaishia kwenye shikamoo. Bibi hana hata neno la Kiingereza. Kwa hiyo mimi hukaa kati yao, kitandani kwa Bibi, nafasiri.

"Mwambie aje kuoa huku, nshamtafutia."

Nikamwambia. Karim kacheka, Bibi naye kacheka mpaka kikohozi kikamshika. Hakimwachi siku hizi. Halafu akaniuliza skuli tunasoma nini. Kufa, Bibi.

"Na hiyo nayo yataka kusomeshwa?"

Darasani leo mtu aliuliza: kama "pass away" ndiyo yenye adabu, "die" ya nini? Mwalimu akasema adabu nzuri, lakini kuna wakati ukimfunikia mtu neno, umemfunikia na habari yenyewe. Na "expire" tuiachie pasipoti na maziwa ya kopo.

Ijumaa, 16 Mei

Bibi kafariki alfajiri. Usingizini. Mama alikwenda kumwamsha kusali.

Siwezi kuandika zaidi kuhusu hilo.

Ijumaa, bado

Naandika. Nisipoandika leo sitoandika tena.

Wamemzika baada ya sala ya Ijumaa. Asubuhi, nyumba imejaa, likaja suala la Karim. Nani amwambie? Mjomba Seif anafanya kazi hotelini Kendwa, Kiingereza anacho tele. Akashika simu, macho mekundu. "Nimwambie *Grandmother expired*."

"Hilo la maziwa ya kopo, Mjomba."

Limenitoka tu. Mbele ya watu wazima. Mjomba akanitazama, akanitia simu mkononi. "Haya, mwalimu. Sema wewe."

Mama akanivuta pembeni. "Usimtupie habari. Yuko peke yake kule. Mwambie Bibi hajiwezi, mengine yatakuja polepole."

Ndivyo tunavyofanya kwetu. Ndivyo na sisi tulivyofanyiwa Mjomba Hamad alipokufa. Tuliambiwa anaumwa sana. Mama akawa anamwombea shifaa ndugu yake, kumbe keshazikwa. Nilikuwa mdogo lakini nakumbuka uso wake alipojua.

Karim akapokea. Akauliza Bibi hajambo? Neno la Mama lilikuwa mdomoni, tayari. *Very ill*. Lingepita.

Nikasema: "*She died, Karim. This morning.*"

Akauliza, nini? Ikabidi niseme tena, kwa sauti, na sebule nzima ikasikia. Hapo akalia. Sikukata simu. Nilisimama pale pale na kilio chake sikioni.

"Died" Mama analijua. Nilidhani atanizaba kibao. Aliichukua simu, wakalia pamoja yeye na Karim, mmoja huku, mmoja kule.

Nimefiwa, na najivunia. Vyote viwili. Sijui kama inafaa. Najivunia.

Jumamosi, 17 Mei

Mama hajanisemesha kutwa. Nimeosha vyombo vya matanga mpaka vidole vimekunjamana. Sijutii. Naogopa, lakini sijutii.

Jumapili, 18 Mei

Wageni wamepungua. Baada ya Isha Mama kajilaza mkekani, akaniita.

"Naam."

"Habari ya Hamad, nilitaka mtu anambie vile ulivyosema wewe."

Basi. Akageukia ukutani.

Baadaye Karim kapiga. Kataka kujua kila kitu: nani kamwosha Bibi, nani aliingia kaburini kumpokea, watu walikuwa wengi? Nikamsimulia. Wanawake walivyojaa hadi kwenye ngazi. Udi. Jirani aliyefunga duka lake Mlandege akaja kubeba jeneza. Nilikwama mara nyingi, nikazunguka, nikafika. Nilijiuliza sauti hii ya nani, imejaa chumba.

Nikadhani namkera Mama. Nikanyamaza, nikainuka nitoke nje.

"Kaa," kasema, macho kafumba. "Sifahamu hata neno moja. Wewe sema tu."