Tusi la Baba Limeng'oka Meno

Kwa Dada yangu Mwanaidi,

Nakusalimu salamu nyingi kuliko magari yanayogombea kona moja hapa mtaani Najma, Doha, Alhamisi jioni, na wewe unayenijua kwa kutia chumvi, safari hii sijatia hata chembe. Hujambo? Goti lako linasemaje? Shemeji bado anakoroma kama mashine ya kusaga, au kapatiwa dawa? Na macho ya Baba? Uliniambia mtoto wa jicho amekomaa na operesheni ni baada ya Idi. Nataka habari za macho hayo kabla ya habari nyingine, maana barua hii, hata nikizunguka vipi, inaelekea kwake.

Mimi ni mzima, Alhamdulillahi, nimenenepa kidogo na nimezidi uzuri. Utauliza mbona barua wakati simu ipo. Kwenye simu nikianza mizaha yangu wewe unacheka, tunaagana, na jambo lenyewe linabaki mfukoni. Anayekuletea ni mwenzetu mpishi wa hoteli, anakuja likizo. Mpe chai, na usimhoji kama huku nina mwanamke.

Siku hizi naendesha familia moja ya Kiingereza kule Al Wukair. Watoto shule asubuhi, sokoni mchana, na barabara zote za Doha ziko kichwani kama Alhamdu. Watu husema wanatumia ramani ya simu. Mimi ramani ya simu ndiyo huniuliza njia. Basi mwezi huu bibi yao wale watoto amekuja kutoka Uingereza kuwatembelea, mama mmoja mwembamba, mkavu kama ukuni, aliyekuwa mtunza maktaba maisha yake yote. Anapenda kukaa kiti cha mbele, tunapiga soga. Kiingereza changu si cha darasani, ni cha barabarani, lakini kinafika.

Juzi tunarudi kutoka shule, bibi anatafuta miwani yake. Kapekua mkoba, kapekua chini ya kiti, kanipekua hata mimi kwa macho. Kumbe mjukuu wake mdogo kaificha ndani ya soksi. Bibi akageuka nyuma, akamshika sikio, akamwita rascal.

Dada, mguu wangu ulikwenda kwenye breki wenyewe.

Wewe unalijua neno lile. Baba hakuwahi kututukana kwa Kiswahili wala kwa Kizigua. Alisema hizo ni lugha za heshima, matusi tuyaache kwa Kiingereza, maana ndiyo lugha iliyotuletea fimbo. Alipokuwa mwalimu mkuu, mtoto akiitwa rascal ujue kiboko kimeshapaa. Na siku ile nilipokataa kurudia mtihani wa kidato cha nne nikachukua leseni badala ya vitabu, alisimama mlangoni, majirani wanatazama, akanitamkia neno hilo polepole kama mtu anayepigilia msumari. Ulikuwepo, umeshika beseni la nguo. Tangu hapo hajazungumza nami, si kwa simu, si kwa Idi.

Kwa hiyo nikasimamisha gari pembeni. "Madam, samahani," nikasema. "Ni mtoto huyu. Miwani tu. Usimlaani."

"Kumlaani? Nani kamlaani?"

"Si umemwita rascal."

Bibi akanitazama, mtoto akanitazama, kisha wote wawili wakacheka mpaka gari likatikisika. Alipopata pumzi akaniuliza, "Shabani, kwenu neno hili lina uzito gani?"

"Kwetu, Madam, linamtoa mtu nchini."

Hapo akaacha kucheka. Njia nzima akanifundisha, na bure. Anasema zamani sana, enzi za wafalme wao wa mapanga, rascal walikuwa makapi ya watu, wale wanaofuata jeshi kwa nyuma. Baadaye likawa jina la mtu mwongo, tapeli, wa kufungwa. Karne zikapita. Leo ukimwita mwanaume mzima hivyo huenda akakununulia kahawa, na wanaolitumia zaidi ni mabibi kwa wajukuu.

"Sasa nani alililainisha?" nikauliza. "Serikali?"

"Hakuna serikali inayoweza," akasema. "Watu walianza kuwaita hivyo watoto wao wanaowapenda, huku wamekasirika kidogo na wanacheka kidogo. Neno likikaa miaka mingi kwenye mdomo wa mtu anayekupenda, meno yanang'oka."

Nikalipita geti lao, ikabidi nigeuze gari. Mimi, Shabani, kupotea njia! Mtoto akamuuliza bibi yake kama dereva ni mgonjwa.

Sasa sikiliza. Ile sauti uliyonirekodia kuhusu operesheni, nyuma yako Baba alisema kitu. Nililisikia lile neno, nikazima hapo hapo. Nikajiambia, miaka yote hii, bado tu. Jioni ya siku ile ya miwani nikamsimulia Otieno, Mkenya tunayeishi naye chumba kimoja, mlinzi wa jengo la ofisi, mtu asiye na huruma hata kwa mto wake wa kulalia. Akaninyang'anya simu.

"Rudisha nyuma. Hapo. Tena." Akasikiliza kwa sikio lake kubwa. "Buda, mzee anasema, 'Rascal wetu kasema anakuja?'"

"Nimesikia. Bado ananitukana."

"Maze, wewe ni mjinga wa kimataifa! Mtu anauliza kama unakuja, na wewe unahesabu tusi? Amesema 'wetu.' Si 'yule,' si 'huyo mbwa.' Mimi babangu aliniita jina la mbuzi mpaka akafa, na ningelipa nauli ya ndege kulisikia mara moja."

Kisha akageukia ukutani kana kwamba amelala. Hakuwa amelala.

Nami mwenyewe nikairudia sauti yako, Dada, mara nyingi. Baba anauliza kwa sauti ya chini, ile aliyokuwa akiulizia kama mvua imeanza. Huenda najidanganya. Huenda kwake neno bado lina meno yote thelathini na mawili, na mimi nimelainishwa na hadithi za Mzungu garini. Lakini nimefikiri hivi: kama Waingereza wazima, na ubaridi wao ule, walifanikiwa kuligeuza kwa kulitumia tu kila siku juu ya watoto, Mwalimu wetu aliye na moyo atashindwaje? Yeye naye amelitumia miaka yote hii. Kila mara aliposema rascal, alikuwa ananitaja.

Kila mwaka mudiri, meneja wa kampuni iliyoniajiri, hunipa karatasi nikubali kuuza likizo yangu, nami huweka sahihi nikijifanya mchapakazi. Mwaka huu nimemwambia khalas, basi, naenda kwetu. Akashangaa: "Shabani, si ulisema kwenu hakuna anayekungoja?" Nikamjibu kuna mzee mmoja haoni vizuri, anahitaji dereva.

Kwa hiyo nakuja, baada ya Idi, kabla ya operesheni. Usiniombee ruhusa kwake. Mwambie tu kwamba nitampeleka hospitali mimi mwenyewe, na asiogope, kijana aliyeishinda Doha hashindwi na barabara ya Korogwe kwenda Tanga. Wakimfungua bandeji nataka niwe nimekaa mbele yake. Akitaka kuniita rascal, aniite. Lenye meno au lisilo na meno, mradi aniite.

Nisalimie Shangazi Mwanahawa, mwambie mandazi ya huku ni mawe. Nisalimie fundi cherehani jirani yetu, apime kanzu moja kwa makisio, aongeze upande wa tumbo. Wanao wote wabusu, na Shemeji mpige kiwiko usiku akikoroma, mwambie kimetoka Katar.

Baba usimpe salamu zozote. Zake nakuja nazo mwenyewe.

Ni mimi mdogo wako, mwenye sifa nyingi na ushahidi kidogo,

Shabani